Mguu wa Kushoto wa Sughra

"Bonyeza, Rasulan! Mbona unampapasa kama paka?" Hakim Bibi alihimiza.

Rasulan, mkandaji wa waliojifungua, hakubonyeza. Mafuta ya haradali yalikuwa vuguvugu kiganjani mwake, lakini mguu wa kushoto wa Sughra ulikuwa na moto kuliko mafuta. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, na wekundu uliofifia umepanda hadi nyuma ya goti.

"Uvimbe huu umeanza lini, mwanangu?"

"Juzi, shangazi. Nilidhani ni kulala sana." Sughra alimtazama mama mkwe wake kwanza, kisha akaendelea. "Nikikunja unyayo, panavuta humu ndani."

Kulala, alilala kweli. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu ajifungue, na Hakim Bibi, mama wa mumewe, hakumruhusu hata kuteremsha miguu sakafuni. Dirisha lilizibwa kwa shuka. Kwa haja, aliletewa chombo. Arobaini itimie ndipo aone jua.

Rasulan alivua mtandio wake, akauzungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, akashika kwa kidole pale ulipokutana. Akaupeleka kushoto. Kipimo hakikutosha, vidole vitatu vizima vilipita katikati.

"Sasa umekuwa fundi cherehani?" Hakim Bibi alicheka. "Hayo ni maji ya uzazi. Yasukume yapande juu, yaishe."

"Simkandi, dada. Apelekwe hospitali ya wilaya sasa hivi. Abebwe, asitembee."

Kicheko kikakatika. "Atoke? Umemsahau binti yangu Zubaida? Alitoka siku ya tisa ya uzazi, hatua ishirini tu mpaka kwenye bomba la maji, kivuli cha pepo kikamwingia, akafa. Huyu hatoki."

Rasulan hakuwa amemsahau Zubaida. Kwa miaka saba, kila alfajiri, alimtaja katika dua kabla ya kumtaja marehemu mumewe. Alikuwa amemkanda katika nyumba hii hii, mguu kama huu. Aliukanda kwa nguvu zote, kutoka kifundoni hadi pajani, akijivunia mikono iliyomlisha ujane wake wote. Zubaida aliinuka ghafla, akashika kifua, akasema, "Mama, pumzi." Basi. Watu wakasema kivuli cha bombani, naye Rasulan akaitikia. Mwaka uliofuata, mkunga wa zahanati akawaambia wakandaji wote: mguu mmoja ukivimba na kuwa moto baada ya uzazi, ni damu imeganda mshipani, ukikandwa, bonge linaweza kumeguka likakimbilia mapafuni. Rasulan alirudi nyumbani siku ile, na hakumwambia mtu.

Sasa aliinuka, magoti yakalia.

"Dada Hakim, Zubaida hakuingiwa na kivuli. Mguu wake ulikuwa hivi hivi. Mimi niliukanda."

"Unasema nini wewe?"

"Alikuwa na damu iliyoganda. Nikaisukuma mimi, kwa mikono hii. Wakati ule sikujua. Baadaye nikajua, nikanyamaza. Na huyu umemlaza siku kumi na mbili kwa ajili ya uongo wangu. Kulala huko nako kunagandisha damu."

Mtoto alijinyoosha kwenye nguo zake. Rasulan alipotaka kumfunika, Hakim Bibi alimwahi, akamnyakua.

"Usimguse." Sauti ilikuwa ndogo. "Usiguse mtu humu ndani."

Sughra alikuwa analia bila sauti. "Mama, nitakufa?"

Hakim Bibi alimkumbatia mjukuu kifuani. Akautazama ule mguu. Kisha akatoka mlangoni, akapaza sauti kumwita mwanawe uani. "Yaqub! Acha hilo trekta! Lete bajaji! Na mwanaume wa pili wa kushika kitanda!"

Walimtoa Sughra na kitanda chake cha kamba, uso umefunikwa. Pale getini alikohoa mara moja. Yaqub akasimama. Sughra akakohoa tena.

"Twende," Hakim Bibi akasema.

Walimlaza kwenye kiti cha nyuma. Hakim Bibi alimfunga mtoto kifuani, akapanda, akaupakata mguu wa kushoto mapajani mwake, akauzungushia mikono miwili bila kuubana. Hakumtazama Rasulan. Bajaji iliondoka taratibu ikikwepa mashimo, na kwenye kila shimo asiloweza Yaqub kulikwepa, yule mama aliinua mikono yake juu kidogo, ili mguu usitikisike.