Majoho Thelathini na Saba

Kitambaa kiliisha kwenye mti wa thelathini na saba. Nakumbuka nilikuwa nimeukumbatia, shavu langu limegusa gome, mikono inatafutana upande wa pili nipate kufunga fundo, na Mama amesimama nyuma yangu na kikapu chake.

"Na hii midogo je?" akauliza.

"Midogo ipi, Mama?"

"Hii hapa. Na mianzi. Na hivi vichaka vya kwenye chemchemi."

"Mama, nani atapanda kilima na msumeno aje akate kamti kama hako? Hata mswaki hakatoshi!"

Wanawake wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Mama hakucheka. Aliushika ule mche kwa vidole viwili, akautazama, kisha akauachia.

Msitu wetu haukuwa wa kumringishia mtu. Ungeweza kuuzunguka wote kabla wali jikoni haujaiva. Mvua za kwanza tulichuma uyoga humo, kiangazi tukatafuta mayai ya sisimizi wekundu, na katikati yake palikuwa na chemchemi pana kama ungo, iliyolisha mashamba ya mpunga ya nyumba kumi na moja na haikuwahi kukauka tangu bibi yangu alipokuwa msichana. Basi ikatokea kwamba mtu fulani wa Bangkok, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, ana hati ya kilima kile. Palitakiwa pajengwe vijumba vya wageni wanaotafuta utulivu. Utulivu tulikuwa nao siku zote, hatukujua kama una wanunuzi.

Tulikwenda wilayani mara tatu. Mara ya tatu karani alitukaribisha chai, akatuambia tusijichoshe. Ndipo Mtawa Inthawong wa hekalu letu akasema tufanye kama walivyofanya wenzetu wa mabonde mengine, tuipe miti daraja la utawa. Kwetu aliyevaa joho la zafarani hapigwi, hata mlevi analijua hilo. Mti ukifungwa joho na kusomewa sala, nao ni mtawa. Anayetaka kuukata na aukate, lakini ajue anamkata nani.

Mshonaji wa hekalu nilikuwa mimi. Kijiji kikachanga, nikaleta jora la kitambaa kutoka Chiang Mai, nikashona siku kumi na tisa. Joho la mtawa si shuka. Hushonwa kwa vipande vilivyopangwa kama majaruba ya mpunga, na mimi niliyapanga hivyo yote, mshono juu ya mshono. Mtawa Inthawong alipopita dukani kwangu akahesabu kwa macho, akakuna kichwa.

"Buapan, haya hayatafika popote. Chana tepe nyembamba tu, kila mti upate utepe wake."

"Baba Mtawa, wewe umeshamwona mtawa aliyevaa utepe?"

Akacheka, akaniacha. Mama naye aliniambia vilevile wakati wa kula, nikamjibu kwa ukali kwamba yeye ajuaye uyoga aniachie mimi nijuaye sindano. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mkono wangu ulikuwa hodari, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sababu ya mkono.

Wiki moja baada ya kuivisha miti na kuisomea sala, watu wa ujenzi wakaja. Tulikuwa tumeketi njiani watu arobaini hivi, tumefunga wali wetu wa kunata kwenye vikapu, tayari kukaa hata siku tatu. Mkuu wa kijiji alikuwa amewafundisha vijana namna ya kukubali kusukumwa bila kurudisha ngumi. Tulijiandaa kwa jeuri ya kila aina.

Akashuka kwenye gari kijana mmoja mwembamba, Bwana Phirat, msimamizi wa ujenzi. Akavua kofia, akavua viatu. Akapita katikati yetu ameinama kama apitavyo mtu mbele ya wakubwa, akaenda mpaka kwenye mti wa kwanza, akapiga magoti na kukutanisha viganja usoni. Akaenda wa pili. Hakuacha hata mmoja, na sisi tulikaa tunamtazama tu, maana kwa adabu hatukujiandaa.

Alipomaliza aliketi chini mbele ya Mama, chini kuliko alipoketi Mama.

"Bibi, na mimi nimewahi kuvaa joho, miezi mitatu, nilipofiwa na nyanya yangu. Mti wenye joho siugusi, na mtu wangu hataugusa. Naapa mbele yenu wote. Naomba tu mniambie ni mingapi, nisije nikakosea."

Mkuu wa kijiji akanigeukia. Hesabu alikuwa nayo nani kama si mimi?

"Thelathini na saba," nikasema kwa sauti, nikijiona nimejenga ukuta.

Akaandika. Mkuu wa kijiji akatia sahihi, watu wakapiga makofi, na tukashuka kilima tukila ule wali wa siku tatu kwa furaha. Mama peke yake alikuwa akigeuka nyuma kila hatua chache.

Nyumbani alifungua sanduku lake, akatoa sketi yake ya harusi. Ilikuwa ya hariri, nyekundu na kijani, aliyoifuma mwenyewe kabla hajaolewa, na miaka yote alituambia ndiyo atakayochomwa nayo akifa, maana kwetu maiti huchomwa. Akaingiza meno kwenye pindo, akaichana.

Maisha yangu yote ni kuchana vitambaa. Sauti ile sikuiweza. Nikamwambia, "Mama, wameapa." Akasema, "Wameapa kwa yenye majoho." Akaendelea kuchana.

Alfajiri alipanda kilima, nami nikamfuata. Tukafunga tepe za ile sketi. Miche, mianzi, vichaka vya chemchemini, hata ule mche nilioudhihaki kuwa hautoshi mswaki. Jua lilipochomoza vizuri tepe zilikuwa kama mia mbili, zinapepea chini ya ile miti mikubwa iliyovaa majoho yangu. Nilianza kuamini kwamba tumewahi.

Bwana Phirat alifika na watu wake na misumeno. Akasimama, akaziangalia tepe.

"Bibi," akasema taratibu, "hizi zimesomewa?"

Mtawa Inthawong alikuwa ameitwa kwenye mazishi bonde la tatu, asingerudi kabla ya siku mbili. Mama alikuwa mtu wa kushika amri tano za dini yetu, na ya nne ni kutosema uongo. Akainamisha macho kwenye kikapu chake.

Kijana akanigeukia mimi. "Dada yangu, jana ulisema thelathini na saba."

Hakunisuta. Aliniuliza kama mtu anayetaka asaidiwe. Nyuma ya bega lake ulisimama mti wa kwanza, umevaa joho nililolishona kwa mkono wangu, na nilihisi unanisikiliza. Ningeweza kusema zimesomewa jana jioni. Ningeweza kusema nilikosea hesabu. Wauza samaki sokoni husema uongo mkubwa kuliko huo kila asubuhi na usiku wanalala.

"Thelathini na saba," nikasema.

Akanikutanishia viganja, akanishukuru. Kisha akawaamuru watu wake wasikate hata utepe mmoja wa Bibi. Wakafungua fundo moja moja, wakazikunja, wakamrudishia Mama ndani ya kikapu chake, na mfanyakazi wa mwisho akampa kwa mikono miwili. Ndipo misumeno ikawaka. Tulikaa pale mpaka saa ya kupika cha jioni, tukiangalia, na hakuna aliyetugusa.

Njiani Mama alisema, "Hukusema uongo." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Wahenga wanasema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka wa tatu chemchemi ilikauka, na hoteli ikachimba mahali pake bwawa la kuogelea linalojazwa kwa mashine. Mashamba ya nyumba zile kumi na moja sasa yanalimwa vitunguu, yakilimwa. Miti yenye majoho haikuguswa, kiapo kilishikwa. Lakini ilikuwa imezoea kusimama kwenye kundi, na ilipobaki peke yake kwenye nyasi zilizofyekwa, upepo ukaanza kuichukua mmoja mmoja, na mingine ikakauka kuanzia juu.

Mama alifariki mwaka wa tano. Nilizitoa tepe kikapuni, nikaziunganisha zote mpaka zikawa tena sketi, mishono mia mbili, na akachomwa nayo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sikujaliwa mtoto, lakini mjukuu huyo ninaye, nakula naye na kulala naye.

Wageni wanaipenda miti ile. Wanapigwa picha nayo, na kila mwaka kabla ya mvua hoteli huibadilishia majoho. Huniletea mimi kazi, kwa kuwa mimi ndiye nijuaye vipimo. Nimetukanwa kijijini kwa hilo, nami hujibu tu kwamba nikikataa wataivisha nailoni.

Mwaka wa kwanza waliagiza thelathini na saba. Kisha thelathini na moja. Kisha ishirini na mbili. Mwaka huu alitumwa msichana wa mapokezi na karatasi ndogo, imeandikwa tisa.

Nilikuwa nimeshanunua jora zima, kwa mazoea. Jana nimemaliza la tisa, nimelikunja, nimeliweka juu ya mengine. Kitambaa kimebaki kingi.