Onja Kwanza

Asubuhi jua huingia dukani kwa dirisha la mbele, likakuta vumbi la kakao limeelea hewani, laini, halina haraka ya kutua. Linatua kwenye rafu. Linatua kwenye mizani. Linatua kwenye kope za mjane mwenye duka, naye halipangusi, maana mikono yote miwili imo kazini: inakoroga, inamimina, inagonga kalibu mezani, ta, ta, ta, mapovu yatoke.

Mjane huyu aliposema atauza chokoleti, watu walimpongeza. Aliposema ataitia mrehani, binzari, chumvi na ndimu, walinyamaza. Siku alipotia kitunguu saumu, shemeji yake alikuja mbio kumuuliza kama siku hizi analala vizuri.

"Nalala, shemeji. Onja kwanza."

Shemeji akaonja. Akakunja uso, akaukunjua, akanyoosha mkono tena. Basi mtaa ukaanza kuja: kwanza kucheka, kisha kuonja, kisha kupanga foleni. Harufu ikamwagika hadi barabarani, ikawasahaulisha watu walikokuwa wanakwenda.

Na furaha ikamrudia mjane, kidogo kidogo, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Lakini ilikuwa furaha ya jikoni tu. Mambo ya moyo, aliwaambia ndugu zake, ameyafunga, na ufunguo hajui alikouweka.

Ndipo bomba la jikoni likapasuka, akaitwa fundi. Mtu mrefu, mpole, sauti ya chini, suruali imechakaa magotini. Alilitengeneza bomba, bomba likapona. Yeye hakupona. Kila Jumamosi alirudi, akaagiza ile ya pilipili kali, akaila palepale mbele ya kaunta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Binti wa mjane, aliyekuwa akifunga vipande kwenye karatasi, akamnong'oneza mama yake: "Mama, si wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki? Huyu hata hajaribu kuyaficha."

"Hebu funga chokoleti, wewe."

Ila mkono wa mama uliteleza, chokoleti ikafurika nje ya kalibu.

Jumamosi moja mjane akamkabili. "Fundi, sema kweli. Hii unaipenda?"

Fundi akaangalia viatu vyake. "Mimi vitu vitamu sivipendi. Tangu utotoni. Pilipili inanisaidia nisiisikie sukari."

"Sasa unanunua ya nini?"

"Sinunui chokoleti," akasema polepole. "Nanunua sababu ya kuja."

Mjane akageuka, akaingia jikoni. Fundi akadhani amefukuzwa, akauokota mfuko wake wa spana. Binti akamshika mkono. "Kaa. Mama akikukasirikia, utasikia. Huyu anapika."

Kweli alikuwa anapika. Anaogopa, na anapika. Aliyeyusha kakao tupu, sukari asitie hata chembe. Akakaanga ufuta mpaka ukanukia. Akasaga punje za kahawa, akanyunyiza chumvi, akalamba kijiko. Ni chungu. Chungu kama ile miaka aliyolala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akiuachia baridi. Lakini nyuma ya uchungu palikuwa na joto, linakuja taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Akasimama pale, kijiko mdomoni, akajikuta anatabasamu peke yake.

Friji ilipomaliza kazi yake, akatoka na sahani.

"Onja kwanza," akamwambia, na sauti ile haikuwa ya dukani.

Fundi akafumba macho, akatafuna. Hakukohoa.

"Ni chungu," akasema.

"Najua."

"Ila uchungu wake haunifukuzi." Akafumbua macho. "Nipe kingine."

Mjane akaizunguka kaunta, aproni ikiwa bado kiunoni. Akavuta kigoda, akaketi karibu yake mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Akavunja kipande katikati, nusu akampa, nusu akala mwenyewe. Binti akashika mizani bila kuambiwa.

Mteja wa mbele, mama mmoja mnene wa kupenda mambo mapya, akanyoosha kidole kwenye sahani. "Na hiyo nyeusi? Mbona hamjaitangaza? Nipimie na mimi."

"Pole, mama," mjane akasema, bila kumwondolea fundi macho. "Hiyo ina mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka mlangoni, mpaka nje juani. Naye fundi, mdomo umejaa, akacheka nao.