Yowe la Wimbo wa Saba

Damu ya Mukupa ilirukia ngozi ya ngoma yangu, nami nikaendelea kuipiga.

Studio ilikuwa chumba kimoja hapo mjini Kitwe, joto la mchana limetushika koo, feni imezimwa mvumo wake usije ukanaswa. Tulirekodi wote kwa pamoja, na utepe uliobaki ulitosha wimbo mmoja tu, wa saba. Aliutunga Chitalu, mwimbaji tuliyemfukuza kwa sababu ya ngumi zake. Siku ya kura, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu. Mukupa, aliyeshika nafasi yake, tulimtoa kwaya ya kanisani. Alikuwa mpole mno, na wiki mbili nzima sauti yake ilinikera.

“Unaimba roki au unabembeleza mtoto?” nilimkejeli asubuhi ile.

“Nivumilie, kaka. Itatoka tu.”

Katikati ya wimbo mlango ukafunguka. Alikuwa Chitalu, kipande cha bomba mkononi. Mukupa alikuwa ameupa mlango mgongo. Mpiga gitaa na mpiga besi walikuwa wameinamia nyuzi zao. Aliyeukabili ni mimi peke yangu.

Ningeweza kuacha. Ningeweza kumwita Mukupa. Lakini kwa mara ya kwanza wimbo ulikuwa umekolea, na nikajiambia: kidogo tu, tufike kwenye kiitikio. Bomba likatua tayani. Mukupa alitoa yowe ambalo sijapata kulisikia kwa binadamu, akaanguka. Chitalu akamwongeza la pili mbavuni, huku analia.

“Wimbo wangu! Mwizi wewe!”

Wenzangu wakatupa vyombo, wakambwaga Chitalu, wakamkanyaga mpaka akanyamaza. Mimi niliumaliza wimbo, ngoma peke yake.

“Yowe hili hamtalipata tena,” alisema fundi mitambo aliyekuwa akiturekodi. Tukaliacha kwenye albamu. Naona aibu kuliandika hili.

Albamu ilipotoka, vijana wa mtaani waliliiga yowe lile kila kona. Taya la Mukupa lilikuwa limeunga kombo, na kuimba kwake kukawa kumekwisha. Nilimpelekea santuri yake nyumbani. Akaisikiliza mpaka mwisho.

“Ngoma haikusita,” alisema.

“Haikusita.”

“Na wewe ndiye uliyekuwa unatazama mlangoni, kaka.”

Mukupa akanyanyua sindano, akairudisha mwanzo wa wimbo wa saba, kisha akakaa mbele yangu akinitazama usoni, tukilisubiri yowe pamoja.