Farasi Ambaye Hakuambiwa

Vumbi la majani makavu lilielea katika mwanga wa mlango wa zizi, likapanda, likashuka, likapanda tena, na Leberecht Quast akalitazama kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda. Na kweli hakuwa napo. Alikuwa mchoraji wa farasi na wapanda farasi, na mashamba ya Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, yalimjua zaidi kwa mgongo: mgongo ulioinamia turubai, mgongo unaoondoka.

Farasi kwanza, mpandaji baadaye. Ndivyo alivyofanya kazi. Farasi alimchora akiwa hai mbele yake, mshipa kwa mshipa, jasho kwa jasho. Mpandaji alimmalizia chumbani kwake mjini, akitazama koti lililovikwa sanamu la mbao, maana sanamu halikohoi wala halipigi soga. Watu wananichosha, alizoea kusema. Ulikuwa uongo, na alikuwa ameuzoea.

Safari hii mpandaji alikuwa Detlev, mwana wa pekee wa Bi Wiebke, aliyekwenda vitani Ufaransa asirudi, hata maiti yake. Farasi wake, jike wa kahawia, alibaki nyumbani, na kesho mnunuzi angekuja kumchukua. Mama angebakiwa na picha tu.

Picha ilikuwa tayari. Bi Wiebke akaisogelea huku akifuta mikono kwenye aproni, akaitazama mpaka maziwa yaliyokuwa motoni yakafurika jikoni.

"Ni yeye," akasema. "Pua yake hiyo, na kidevu chake cha ukaidi. Lakini mbona yuko peke yake?"

"Yuko juu ya farasi, Bi Wiebke."

"Nami niko juu ya ardhi. Ndiyo kusema nina mwenzangu?"

Maneno yale yakamchoma Quast. Akaitazama tena picha, akaona. Masikio yote mawili ya farasi yalielekea mbele, langoni. Farasi aliyembeba mtu wake hugeuza sikio nyuma, amsikie. Huyu hakuwa akimsikiliza mtu. Alikuwa akingoja.

"Hamkumwambia," akasema Quast.

Bi Wiebke akaikunja aproni yake. Kwao, mtu akifa, mmoja wa nyumbani huenda kuwaambia wanyama kwamba bwana wao hayupo tena. Ng'ombe waliambiwa na mjakazi. Nyuki waliambiwa na jirani, mzinga kwa mzinga. Farasi wa Detlev hakuambiwa, kwa sababu kumwambia ilikuwa kazi ya mama, na mama alipita mlangoni pake kila asubuhi akitazama viatu vyake.

"Nitampanda nilichore sikio," akasema Quast. "Wewe ongea naye."

"Upande wewe? Utaanguka kama gunia la viazi!"

"Basi angalau utacheka."

Akapanda, hatamu mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, karatasi pajani. Bi Wiebke akasimama kando ya kikuku cha tandiko, akaanza na upuuzi: umenenepa wewe, umeshiba, huko uendako watakutoa jasho. Masikio hayakugeuka. Kisha sauti yake ikashuka, ikakwaruza.

"Detlev amekufa, binti yangu. Usimngoje. Amekufa, hatarudi."

Sikio la kushoto likageuka, polepole, likatulia hapo. Quast akachora, akachora, na goti lake likalowa, maana mama yule alikuwa ameliegemea akilia. Hakuthubutu kulisogeza. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwegemee.

Jioni, rangi ya lile sikio ikiwa bado mbichi, Bi Wiebke akasimama mbele ya picha.

"Sasa nimewaambia wote," akasema. "Nami nimesikia."

Akaenda kukoroga uji wa shayiri, akamwekea Quast bakuli mezani. Quast akashukuru, akasema kuna watu wanamngoja mjini.

Akatembea peke yake hadi mjini, akafungua chumba chake, akawasha taa. Farasi wake wa turubai walikuwa pale, wameegemezwa ukutani kutoka mlangoni hadi dirishani, na vumbi juu yao limelala, halipandi wala halishuki. Masikio yote yalielekea mbele. Hakuwa na ng'ombe, wala nyuki, wala hata kuku mmoja wa kupelekewa habari ya kifo chake siku ikifika.

"Ni mimi, Leberecht," akawaambia. "Nimerudi."

Akasimama pale, kofia mkononi, akiyatazama masikio.