Friji la Adelgunda na Senene wa Jumanne

Barua ya Mzee Byabato kutoka Muleba ilikuwa fupi, nayo ilimkata Adelgunda maini. Mzee alikuwa amesikia kwamba mwanawe Placidius, karani wa chama cha kahawa hapa Kaisho, ameingiza nyumbani sanduku ambalo chini linawaka moto na ndani lina baridi ya maiti. Chakula kikilala humo, aliandika, kinakuwa mfu, na ukoo wake hauli wafu. Angekuja Jumamosi alione mwenyewe. Asiporidhika, jeneza hilo lingerudi kwa Mzungu wa migodini lilikotoka.

Placidius alikuwa hodari wa kulisifia friji mbele ya makarani wenzake. Kulitunza alimwachia mkewe. Na Adelgunda, tuseme ukweli, alilipenda kuliko saa ya ukutani, kuliko viti vya sebuleni na, siku nyingine, kuliko Placidius mwenyewe. Ndiye aliyeukata utambi kwa mkasi ukawa sawasawa, akajaza mafuta ya taa kwenye tangi, akapangusa masizi, akapunguza moto mpaka mwali ukawa wa buluu. Barafu ikizidi kwenye kile kichumba cha juu, alilizima akaiacha iyeyuke yenyewe. Kisu hakuthubutu kukitia humo. Alijua pia kwamba friji hilo likisimama upande linagoma. Kwa hiyo alilisimamisha jikoni, akaweka sahani ya maji juu yake na kuchomeka vibanzi chini mpaka maji yakalingana pande zote.

Jumanne senene, wale panzi watamu wa msimu, wakashuka, na Kaisho nzima ikatoka na vikapu. Adelgunda aliona Mungu amemkumbuka, maana hakuna kilichomlainisha Mzee Byabato kama senene. Tatizo ni kwamba mzee hakula senene aliyechambuliwa na mtu mwingine. Lazima awaone wazima, awang'oe mabawa kwa mkono wake. Sasa nani ataweka senene wazima siku nne? Adelgunda akawafunga kwenye kikapu chenye kifuniko, akakitia kwenye friji, sehemu ya chini, mbali na barafu. Kesho yake akachungulia. Wamelala kimya, miguu juu. Akasema basi, liwalo na liwe.

Jumamosi asubuhi alikwenda misheni kuungama, kwa sababu alikuwa ameanza kuomba basi la mkwe wake liharibikie njiani. Aliporudi mchana, sebule ilikuwa imejaa moshi, na friji lake limesimama katikati, limeinama kuelekea mlangoni.

"Baba Eustadia! Umefanya nini?"

"Baba ataingiaje jikoni kwako kama mwanamke?" alijibu Placidius, kifua mbele. "Tumelibeba na majirani ulipotoka tu. Moto nao nimeuongeza, lipate baridi zaidi."

Adelgunda aligusa mlango wa friji. Ulikuwa vuguvugu. Kabla hajafungua kinywa, hodi ikapigwa, na Mzee Byabato akaingia na fimbo yake.

"Shikamoo, tata," Adelgunda alisema akimpigia magoti baba mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnaunguza nyumba?"

Mzee akaketi, akapewa kahawa za kutafuna. Mara ndani ya friji pakasikika kwaru, kwaru, kwaru.

"Nini hicho?"

"Injini, tata," akasema Placidius.

Injini! Friji hilo halikuwa na injini hata ya dawa. Kumwaibisha mume mbele ya baba yake Adelgunda hawezi, na akinyamaza friji linakwenda zake.

"Nifungulie hilo jeneza," mzee akaamuru.

Placidius akalifungua kwa madaha. Kifuniko cha kikapu kilikuwa kimesukumwa kando, na senene wote, walioamshwa na lile vuguvugu, wakamrukia usoni. Placidius akapiga kelele, akazama chini ya meza. Senene wakatua kwenye picha ya Bikira Maria, kwenye pazia, kwenye ndevu za mzee. Naye Mzee Byabato, mwenye magoti mabovu tangu zamani, akatupa fimbo, akapandisha kanzu, akawa anatambaa sebuleni akiwatia senene kofiani.

"Wamelala humu tangu lini?" akauliza, anahema.

"Tangu Jumanne, tata."

"Siku nne! Na wazima!" Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi nilisema jeneza, kumbe ni zizi! Haya, Placidius, nionyeshe unavyoliendesha."

Placidius akatoka chini ya meza, akazungusha kitasa cha utambi kushoto, akazungusha kulia, akapuliza. Moto ukazimika, pua ikajaa masizi. Hapo Adelgunda alishindwa kuvumilia.

"Samahani, tata," alisema, akamsogeza mumewe kwa bega. Akakata utambi, akachomeka vibanzi, akaweka sahani ya maji, akangoja yatulie. Kisha akawasha. Mwali ukaja mdogo, wa buluu, bila moshi.

Mzee aliutazama, kisha akamtazama mkwewe.

"Litabaki," akasema. "Na wewe Placidius, ukiligusa tena, nitakayerudi naye Muleba ni wewe."

Adelgunda akainama kama anayekagua moto. Machozi ya furaha yalikuwa yanamtoka, akamwacha mumewe adhani ni moshi.