Bunduki Inayokua

Kitendawili: kuna kitu nyumbani kwetu hakili wala hakinywi, lakini kila mtoto akirefuka, nacho hurefuka.

Mjukuu wangu Dovie, mwenye miaka minane, alikisia mti. Akakisia kivuli. Akakisia nywele za baba yake, ingawa baba yake ana upara. Mwisho akashindwa.

"Nipe mji basi," nikamwambia.

"Chukua Springfield, Bibi."

"Springfield nilishaichukua Jumapili. Mji mpya."

"Haya, chukua Saint Louis na mto wake wote!"

Nikauchukua na mto. Kisha nikamfungulia kopo la zamani la kahawa lililokaa miaka mingi juu ya kabati la vyombo. Ndani mna vipande vinne vya mbao ya mjozi, vyembamba kama mkate uliokatwa, kila kimoja na matundu mawili ya skrubu na majina yaliyoandikwa kwa penseli. Kitu chenyewe ni shotigani, ile bunduki ya kutema marisawa, ambayo marehemu mume wangu Verlin aliikata kitako kwa msumeno ili imfae binti yetu wa kwanza. Vipande hakuvitupa. Mkono wa mtoto ukiongezeka, Verlin anarudisha kipande kwa skrubu na kuandika juu yake jina la mtoto. Akifuata mtoto mwingine, vinatolewa, safari inaanza upya. Wiki ile Dovie alipotimiza miaka minane nilikitoa mwenyewe kile kimoja kilichokuwa kimebaki, bunduki ikarudi utotoni.

Dovie akavipanga mezani, akasoma majina. Ya shangazi zake wawili yapo kwenye vyote vinne.

"Bibi, mbona Baba yupo kwenye kimoja tu?"

Yule mtoto haachi kitu kipite. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, nikaenda kugeuza mkate wa mahindi uliokuwa haujahitaji kugeuzwa.

Baba yake ndiye Royce, kitinda mimba wangu. Alipokuwa na miaka saba tulimpa bunduki ile ile, ikamwenea vizuri, akakosa karatasi za shabaha, ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Verlin akasema mtoto anafumba macho kwa woga, na dawa ni kumzoesha kikubwa. Akampa bunduki yake mwenyewe, namba kumi na mbili, na kwa shotigani namba ikipungua ndivyo teke linavyozidi. Ilimbwaga chali ikampasua mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni la nguo za kuanika, sikusema neno. Royce hakugusa bunduki tena. Mpaka leo, mtu mzima wa miaka arobaini, mlango ukibamizwa bega lake la kulia hupanda lenyewe.

Sasa Dovie alitaka kwenda kuwinda bata mzinga katika zile siku mbili za watoto, mwanzoni mwa Aprili, kabla wakubwa hawajaruhusiwa. Alishajifunza kuwaita kwa kijiboksi cha mbao kinacholia kama bata mzinga jike, mpaka kuku wangu wakawa wanamjibu. Zilibaki wiki tatu. Royce akaniambia, "Mama, wewe ndiye unayejua mambo hayo. Mchagulie bunduki. Yoyote ile, lakini si hiyo ya kopo."

Nikakubali, lakini usingizi ulipungua. Mmoja nilishamharibu kwa kunyamaza. Nikichagua vibaya na huyu, nitakuwa nimeharibu wawili.

Jumamosi tukaenda mjini kwa Hershel Pruitt, anayeuza bunduki, chambo cha samaki na mbegu za mahindi chini ya paa moja.

"Mama Royce!" akapiga kelele. "Umekuja kununua, au kunitegea vitendawili bure kama kawaida?"

"Nimekuja kumvalisha mtoto bunduki. Wewe kaa hapo ujifunze."

Akacheka, akateremsha moja ukutani, akaifungua kuhakikisha ni tupu, nami nikaangalia mara ya pili. Kipimo changu cha kwanza ni cha mkono: kitako kinakaa ndani ya kiwiko, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kikafika. Kipimo cha pili ni changu peke yangu.

"Inyanyue, Dovie. Lenga saa ile ukutani, kidole kikae nje. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana ndevu lakini si mzee. Ana miba miguuni lakini hajakanyaga mwiba. Akikasirika—"

"Mama Royce, ona!" Hershel akashika tumbo kwa kicheko. "Mtutu umeshasujudu, na kitendawili hakijafika katikati!"

Kweli, ulikuwa unaelekea kwenye magunia ya mbegu. Nzito. Ya pili nayo ikasujudu. Ya tatu ilikuwa namba ishirini, nyepesi, imepakwa rangi za majani makavu, ya kujipakia yenyewe na kutupa ganda la risasi nje upande wa kulia. Dovie aliishika kama imezaliwa naye.

"...akikasirika, kichwa kinakuwa chekundu, cheupe na cha bluu."

"Bata mzinga dume!" Mtutu haukutikisika.

Hershel ana tuta la udongo nyuma ya duka, la kujaribia. Akaweka karatasi yenye picha ya kichwa na shingo ya bata mzinga, akahesabu hatua ishirini, akachagua risasi nyepesi. Dovie akaziba masikio, akavaa miwani, akaegemeza kitako bega la kulia. Akafyatua. Bega likasogea kidogo tu, na yeye akatabasamu.

Tukaenda kutazama. Shingoni hapakuwa na tundu hata moja. Karatasi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo, na tabasamu nalo lilikuwa limekwisha.

"Anafumba macho," Hershel akasema taratibu. "Nimewaona wengi. Ni woga tu."

Nikamwona Royce, aliyekuwa amesimama mbali karibu na pikapu, akisikia neno lile. Alikuja akaichukua bunduki mikononi mwa mwanawe, akamrudishia Hershel kama mtu anayerudisha sahani ya moto.

"Twende nyumbani."

"Sitaki tena, Bibi," Dovie akanong'ona. "Hiyo bunduki wape watoto wengine."

Nikafanya kitu kimoja tu: nikaziokota zile karatasi tatu, nikazikunja, nikazitia kwenye mkoba.

Ndani ya pikapu nikazikunjua magotini. Marisawa yalikuwa yametoboa ukingo wa kushoto, karatasi zote tatu. Nikaziweka moja juu ya nyingine nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na matundu yakakaribia kulingana. Hapo nikaanza kuwashwa akilini. Mtu anayefumba macho hukosa ovyo, mara juu, mara chini, mara huku, mara kule. Huyu alikuwa anakosa mahali pamoja. Alikuwa anakilenga kitu vizuri kabisa, ila si kile tulichodhani.

Royce aliniachia mtoto alale kwangu. Asubuhi nikamtuma atazame kama kuku wa madoa amelalia mayai, maana kuku yule ni mkali, ukifungua mlango anakutoa damu. Banda lina tundu kwenye ubao, palipodondoka fundo la mti. Dovie akainama, akachungulia.

Kwa jicho la kushoto.

"Amelalia, Bibi."

"Hebu chungulia tena, kwa tundu la upande huu."

Jicho la kushoto. Nikamletea chupa tupu ya asali atazame kitakoni kuna nini. Kushoto. Na huyu ni mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, anarusha mpira kwa wa kulia, na kijiko anashika kwa wa kulia.

"Kitendawili!" nikasema, pale pale kwenye kinyesi cha kuku.

"Tega," akajibu bila hamu.

"Ndugu wawili wanakaa nyumba moja na hawajawahi kuonana. Mmoja ndiye bwana wa nyumba, mwingine anamfuata."

Akafikiri. "Macho! Lakini Bibi, bwana yupi? Yote si yanaona?"

"Ndicho ninachotaka kujua na mimi. Nyoosha mikono mbele. Pishanisha viganja, ubakize kitundu kidogo katikati. Sasa nitazame pua yangu humo, macho yote wazi."

Akanyoosha. Nikatazama ndani ya kile kitundu, kutoka upande wangu, na jicho lililokuwa linanitazama lilikuwa moja, la kahawia, la kushoto. Nikamwambia afumbe la kulia: "Pua yangu bado ipo?" Ipo. Afumbe la kushoto? "Imepotea, Bibi! Umekuwa ukuta wa banda!"

Akacheka, nami nikaketi juu ya ndoo. Bunduki ilikuwa bega la kulia, na bwana wa nyumba anakaa kushoto. Kila alipolenga, mtutu ulikwenda kombo kumfuata bwana. Mtoto hakuwa mwoga hata kidogo.

Royce alipofika kumchukua, alikuta bunduki ya kopo imelala juu ya meza ya jikoni, imefunguliwa, tupu.

"Mama, nilisema si hiyo."

"Ulisema. Kaa, kunywa kahawa, halafu ugombe."

Nikamweleza yote. Nikamweleza na kuhusu ile nzuri ya Hershel: akiiweka bega la kushoto, ganda la moto litampita mbele ya uso kila akifyatua. Hii ya kwetu inafunguka katikati kama kitabu, haina kulia wala kushoto, na ina risasi moja tu, inayomfundisha mtu kusubiri. Royce alisikiliza huku anazungusha kikombe. Nikadhani ananitafutia jibu la kukataa.

"Nipime," akasema.

"Nini?"

"Nipime na mimi, Mama."

Akanyoosha mikono yake mikubwa ya useremala, akapishanisha viganja. Dovie akapanda juu ya kiti ili naye aone. Nikatazama ndani ya kitundu. Lile jicho la kahawia nililijua. Nililiona asubuhi ile ile.

"La kushoto!" Dovie akapiga makofi. "Baba, la kushoto kama langu!"

Royce hakushusha mikono. "Baba alisema nilikuwa nafumba."

"Alisema."

"Nilimwambia sifumbi."

"Ulimwambia," nikasema. "Nilikuwepo. Beseni lilikuwa mkononi na mdomo nilikuwa nao, na sikuutumia. Nisamehe, mwanangu."

Akashusha mikono polepole, akaitazama kama amepewa na mtu. Kisha akavuta kopo la kahawa karibu.

Nyuma ya nyumba tulibandika karatasi kwenye marobota ya nyasi. Dovie alipopewa bunduki alirudi hatua moja. "Anza wewe, Baba."

"Haimwenei," nikasema. "Ni ya mtoto."

"Itamwenea," Dovie akasema, na kopo alikuwa nalo kwapani.

Basi Royce akapiga magoti kwenye majani, akafunga vipande kwa skrubu, kimoja baada ya kingine, vyote vinne, Dovie akimpa na kumsomea majina. Bunduki ikakua mbele ya macho yangu kwa dakika kumi. Akasimama, akaiweka bega la kushoto, bega ambalo halikuwahi kupigwa. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka Dovie akaniuliza kwa sauti ya chini kama baba yake amelala. Halafu ikalia.

Shingo ya bata mzinga wa karatasi ilikuwa imechakaa kwa matundu.

Royce alivuta pua, akapiga magoti tena, akaanza kufungua skrubu.

Dovie akapiga ya kwake. Ya kwanza iligusa pembeni, maana bega geni lina mambo yake. Ya pili ikaingia kati. Tangu hapo kila jioni kabla ya chakula aliinyanyua, tupu, bega la kushoto, anamlenga jogoo wa bati juu ya ghala huku mimi natega. Tukakubaliana mpaka: bata mzinga akiwa mbali kuliko hatua ishirini na tano, anaachwa aende kwake salama.

Jumamosi ya watoto, mkubwa wa kumsindikiza alikuwa baba yake. Mimi mlima wanakowindia siuwezi tena. Niliwapa mikate midogo ya moto na soseji, nikasimama barazani na kikombe, nikisikia bata mzinga madume wakiguguma huko juu kwenye mialoni. Jua likatoka. Mialoni ikanyamaza. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kisha mlio mmoja. Nikangoja wa pili, nikakumbuka bunduki haina wa pili.

Saa nzima baadaye pikapu ikaingia uani. Dovie akateremka peke yake, ana tope mpaka masikioni, akaja akasimama mbele yangu ameficha mikono nyuma.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Tulitoka wawili, tumerudi watatu, na mmoja hatembei."

Nyuma ya kichwa chake niliona ncha ya unyoya wenye mistari.

"Baba yako amechoka, umembeba?"

"Siyo!"

"Mmeokota jiwe?"

"Bibi! Nipe mji!"

"Chukua Springfield, na Saint Louis na mto wake wote, na Kansas City juu yake."

Akageuka akapiga kelele: "Baba, amenipa mitatu! Njoo!"

Royce akatoka upande wa pili, bata mzinga dume amening'inia mgongoni, ndevu zikigusa mkanda wake. Akaubamiza mlango wa pikapu kwa kisigino, ukalia kama mzinga. Nikalitazama bega lake la kulia. Halikupanda. Lilikuwa na mzigo wa kubeba.

"Mama," akasema, "ile penseli ya Baba, ya kuandikia majina kwenye vipande, iko wapi?"