Papa Falone na Papa Luc ku Caisse

Mukitaka kunicheka, mucheke sasa halafu munyamaze, juu hii habari nitaisema mara moja tu. Miye njo Jean-Marie, sekretere wa ferme moja huku Masisi, kwenye kilima cha upande wa Lushebere. Tunafuga ngombe na tunatengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa. Nilikuwa najivuna sana na mwandiko wangu. Kilima chote, mutu akitaka barua ya kupeleka kwa chefu, alikuwa anakuja kwangu.

Patroni wetu Léonard si mwizi. Tuelewane hapo, maana watu wanapenda kusema mapatroni wote ni wezi. Kila mwezi alikuwa anatoa sehemu yake kwa pensheni ya kila mufanyakazi na kuituma ku Caisse, ile ofisi ya Goma yenye kuchunga pensheni. Kazi yangu ilikuwa kujaza fishi, yaani kuandika majina ya wale anawalipia. Majina tu! Hata mutoto wa primeri angeweza.

Fundi wetu wa fromaji alikuwa Papa Falone, muzee mupole, mikono imepasukapasuka juu ya maji ya chumvi. Sasa musikie vizuri. Huku kwetu, mutu akishazaa, jina lake linawekwa pembeni. Unamwita kwa mutoto wake wa kwanza, na hiyo njo heshima. Kumutaja mutu mukubwa kwa jina lake mwenyewe ni kama kumuvua nguo. Kumuuliza anaitwa nani njo mbaya zaidi. Nilipoanza kazi, patroni muzee, baba yake Léonard, alikuwa amekufa, na daftari yake ya majina hatukuiona tena. Basi miye, kijana mwenye adabu, nikamusimamie Papa mbele ya wenzake, nimwambie, "Weye unaitwa nani?" Hapana, bwana! Niliandika kwenye fishi: Papa Falone.

Miaka ikaenda. Falone akakufa, homa ya siku tatu tu. Mama yake hakuweza kusikia lile jina bila kuanguka chini, na sisi wote tukaliacha. Tukaanza kumwita baba Papa Luc, kwa mutoto wake wa pili. Na miye, na roho yangu nzuri, nikabadilisha kwenye fishi pia. Haki ya Mungu, siku ile nilijipongeza. Nilifikiri namuonea huruma.

Papa alifanya kazi mpaka magoti yakamukatalia. Hiyo ilikuwa mbele ya vita kutufungia barabara. Léonard akasema nimusindikize Goma aombe pensheni yake, sababu nyumbani hakuwa na kitu kingine cha kumusaidia mu uzee. Shamba lake liliisha kuuzwa siku nyingi. Tukashuka na moto, pikipiki ya ferme, mpaka Sake, kiisha Goma.

Kwenye dirisha la Caisse kulikuwa mama mumoja, wanamwita Madame Mamy. Alikamata karte ya Papa, kitambulisho chenye jina lake, akaandika kwenye ordinatere, ile kompyuta yao, akatikisa kichwa.

"Huyu hayuko," alisema. Akatafuta liste ya ferme yetu. "Niko naona Papa Falone, miaka kumi na moja, kiisha amepotea. Halafu Papa Luc, miaka nane. Hakuna hata mumoja mwenye ametimiza miaka ya pensheni. Hawa ni wanani? Nani aliandika hivi?"

Nilijua palepale. Na munajua nilijibu nini?

"Itakuwa ordinatere, Madame. Ordinatere zinakosaga."

Papa alinishika mukono. "Madame, usimukasirikie sekretere wetu. Anatuhangaikia sana."

Ningependa kupigwa kofi kuliko kusikia ile sentensi. Tulitoka inje, tukakaa kwenye ukuta wa lupango, ile kiwanja ya Caisse. Papa akafungua muhindi ya kuchemsha yenye bibi yake alitufungia, akanipa kubwa. "Kula, mutoto yangu. Umechoka bule juu yangu." Nilitafuna, haikupita.

"Papa," nikamwambia, "ordinatere haina kosa. Nilisema bongo, nilikudanganya. Ni miye." Nikamuelezea yote, fishi kwa fishi.

Aliweka muhindi yake pembeni. Kiisha akauliza, "Falone iko mule ndani?"

"Iko, Papa. Miaka kumi na moja."

"Kumbe," alisema, na alikaa anaangalia mikono yake. Halafu akasimama polepole. "Turudi kwa Madame."

Nilirudi. Nilisema kosa langu mbele ya mulongo muzima wa watu. Madame Mamy hakunitukana.

"Kosa la jina linatengenezwaga," alisema, "kama mutu wa kazini anashuhudia, hapana jamaa. Weye unamujua?"

"Miaka kumi na tisa, Madame!"

Akanipa karatasi. "Andika kwamba hawa wawili ni mutu mumoja, kwamba unamujua, na kwamba anaitwa fulani. Kiisha uweke saini."

Mungu wangu, nilipata nguvu. Nikaandika na mwandiko wangu muzuri kuliko wote: miye Jean-Marie, sekretere, nimefanya kazi na huyu Papa, namujua vizuri, anaitwa.

Bic ikasimama.

Nilitafuta karte kwa macho. Ilikuwa chini ya kiganja cha Madame. Aliona nilikuwa natafuta nini, na hakuinua mukono.

"Shahidi hakopi," alisema. "Shahidi anajua."

Mutu mumoja kwenye mulongo akacheka. Jasho lilinishuka mpaka kwenye mukaba. Nikageuka kwa Papa. Hakuwa na hasira, na hiyo njo iliniuma.

"Madame," akasema na sauti ya chini, "mumuulize jina la mutoto yangu. Hilo analijua."

Madame akavuta karatasi yangu, akaipasua vipande viwili. "Papa Hakorimana," alisema, anasoma jina la karte, na miye mujinga nikageuka nyuma kuangalia anaita nani. "Huyu hakujui. Rudi na mutu mwingine wa kazini, mwenye anajua jina lako."

Papa alifikiri. Nilimuona anawapitisha wote kichwani, wakamuaji, wachungaji, Léonard mwenyewe mwenye alikomaa anamwita Papa Falone. Kiisha akanyoosha mukono kukamata karte yake.

"Wenye walikuwa wananiita hivyo, Madame," alisema, "wote walishakufa."